Uzoefu wangu: kupanda hadi maporomoko ya Sanje, Udzungwa

Nilikwenda Sanje na mdogo wangu mwishoni mwa Juni. Masika yalikuwa yameisha lakini mto ulikuwa bado na nguvu. Kwangu ni matembezi bora kabisa ya nusu siku kuliko yote niliyowahi kufanya, ila anzeni asubuhi na mapema, na msidharau kushuka.

Taratibu zote tulizimalizia makao makuu ya hifadhi, Mang'ula. Hawapokei fedha taslimu, kwa hiyo jipangeni mapema. Msituni huingii bila mwongozaji. Mwanzoni niliona hiyo ni gharama ya ziada tu, lakini sasa ningemlipa hata kama isingekuwa lazima. Udzungwa ni hifadhi ya kutembea kwa miguu, huwatazami wanyama kupitia dirisha la gari. Usipokuwa na mtu anayezijua sauti za msitu, utapita chini ya kundi la mbega na usijue. Mwongozaji wetu alisimama ghafla katikati ya sentensi, akanyoosha kidole juu, na hao hapo: mbega wekundu, mikia ikining'inia, wakitutazama kwa utulivu kuliko sisi tulivyowatazama. Mangabei wa Sanje, jamaa wa nyani anayepatikana kwenye milima hii tu, hatukubahatika kumwona. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979, ingawa wenyeji walikuwa wakimjua siku zote.

Gari tulilokodi lilichelewa, tukaanza kupanda saa nne. Hapo ndipo tulipoumia. Njia inaanza kwa mwinuko mkali, na joto la bonde la Kilombero linakufuata mpaka ndani ya miti. Mdogo wangu alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache.

"Poleni jamani, bado kidogo," mwongozaji alisema.

"Tumeshapoa, kaka," nilijibu, nikihema.

Maji utayasikia kabla hujayaona. Kwanza ni kama upepo kwenye majani, na majani yenyewe hayatikisiki. Kisha unatokea mahali pa kutazamia, na maporomoko yako mbele yako, meupe, yakishuka kwenye ukuta wa msitu. Yana urefu wa mita 170 kwa jumla, lakini hayashuki kwa mkupuo mmoja. Yamegawanyika mara tatu. Piga picha hapo hapo. Ukishayafikia unakuwa karibu mno, unaona kipande tu.

Juu kuna kidimbwi cha kuogelea. Maji ni baridi ya kukata pumzi, na baada ya ule mlima hakuna kitu kitamu zaidi. Ukigeuka unaliona bonde lote chini, mashamba ya miwa yamenyooka kama mkeka. Tulikaa pale karibu saa nzima.

Kushuka ndiko kulikonishangaza. Magoti yalianza kutetemeka, na karibu na maji mawe yana utelezi wa ukungu wa kijani ambao huuoni mpaka umeukanyaga. Mdogo wangu alivaa raba zenye soli iliyokwisha, akateleza mara mbili, mpaka mwongozaji akampa fimbo yake. Vaeni viatu vyenye meno, na kila mtu awe na fimbo. Maji ya kunywa tulibeba lita moja kila mmoja na hayakutosha. Lita mbili ndiyo sawa. Simu iwekeni kwenye mfuko wa nailoni, maana chini kabisa kila kitu kinalowa.

Na huko chini msikuache hata kama mmechoka. Wenzetu tuliokutana nao waliishia juu wakarudi, na niliwaonea huruma. Kwenye mguu wa poromoko la mwisho hamsikilizani mpaka mpaze sauti, rasharasha za maji zinakupiga usoni, na jua likichungulia upinde wa mvua unatokea usawa wa kiuno. Mdogo wangu, aliyekuwa akilalamika njia nzima, alisimama pale ameloa chapachapa, hataki kuondoka, na mimi sikuwa na haraka ya kumwita.