Snokeli ya Landkruza: kifaa safi, ufungaji ndo ulinitoa jasho

Nina Landkruza hadtopu yenye injini ya dizeli ya 1HZ, na barabara ninazopita masika maji yanafika kwenye bampa, sasa injini ikivuta maji badala ya hewa konrodi (vyuma vinavyoshika pistoni) zinapinda hapo hapo, we unabaki unaita trekta. Nikanunua snokeli, yani bomba la nje linalopandisha mdomo wa kuvutia hewa ya injini hadi juu karibu na paa, ya plastiki nene, sio ile ya bei chee inayopauka na kupasuka kwa jua, na imekuja na karatasi ya kipimo ya kubandika kwenye fenda kabla ya kutoboa.

Kifaa chenyewe nakipa tano kwa tano. Gereji niliyopeleka mbili tu, tena kwa huruma. Fundi katoboa vizuri ila kingo za bati kaziacha bila rangi, yani kutu inakaribishwa ndani, halafu maungio hakuweka silikoni hata tone. Nimejuaje? Gari ikiwa inaunguruma taratibu nikaziba mdomo wa juu kwa kiganja, injini inatakiwa izime, yangu ikaendelea tu kama hakuna kilichotokea! Kumbe hewa inaingia kwenye klampu iliyolegea na kile kitundu cha kutolea maji chini ya boksi ya eafilta. Nikarudisha, wakanuna, lakini wakarudia kazi, sasa nikiziba inazima.

Na jamani, snokeli haikufanyi uwe mamba. Difu na giaboksi nazo zina vipumulio, yani vitundu vya hewa ambavyo maji yanaweza kupita, vivutieni mipira juu, mi navifanya mwezi ujao mfuko ukikaa sawa.