Mfuko wa bastola wa fundi wa Ngamiani: kazi nzuri kwa mzigo usiofaa kusahaulika

Mfuko ninaoutathmini hapa ni wa ngozi ya ng'ombe, wa kuvaliwa ndani ya kiuno cha suruali, na umeshonwa kwa mkono na fundi mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, kwa shilingi 70,000. Fundi ameomba nisimtaje jina wala barabara, kwa sababu hataki wapita njia wadhani kwamba karakana yake inahifadhi silaha, na ombi hilo naliona la haki. Kazi zake za kila siku ni makubadhi, mikanda na mikoba ya akina mama. Mifuko ya bastola huishona kwa oda tu, na hagusi kisu kabla mteja hajamwonyesha leseni.

Niseme mapema ninakosimama, maana tathmini ya kitu kama hiki haitenganishwi na mtazamo wa anayeitoa. Ninamiliki bastola kihalali, na niliiombea kibali kwa sababu ya biashara: ninanunua machungwa mashambani Muheza, na zamani hapakuwa na njia ya kumlipa mkulima isipokuwa kwa fedha taslimu zilizosafiri nami katika barabara za vumbi. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, na huduma nyingine za aina hiyo zikafuata, mzigo wa noti ulipungua msimu baada ya msimu, na haja ya bastola ikapungua nao. Siku hizi naibeba pale tu ninapokwenda kwenye malipo makubwa. Siku nyingine hukaa ndani ya sanduku la chuma lililofungwa. Kwa hiyo, ingawa nimeuvaa mfuko huu katika shughuli za kawaida za mjini ili niujue vizuri, mimi si miongoni mwa wanaoamini kwamba mwanamume hatoki nyumbani bila mguu wa kuku kiunoni.

Ngozi yenyewe ina unene unaozidi kidogo milimita 3, nayo imetengenezwa kwa magome ya miti badala ya chumvi za kromu. Fundi alilisisitiza jambo hilo bila kuulizwa, na mwenye bastola anapaswa kulijali, kwa kuwa ngozi ya namna hiyo ndiyo inayokubali kulowekwa, kukandamizwa juu ya umbo fulani na kukauka ikiwa imelishika umbo hilo. (Pwani yetu iliwahi kupeleka magome ya mikandaa hadi kwenye viwanda vya ngozi vya Ulaya, leo kuipata ngozi iliyotengenezwa hivyo mjini Tanga ni kazi, na sehemu ya bei inatokana na hapo.) Hakukubali bastola yangu ilale karakanani hata usiku mmoja. Alichukua vipimo mbele yangu, ikiwa tupu na magazini ikiwa imebaki nyumbani, akachonga mfano wake kwa mti wa mninga, kisha akaikandamiza ngozi iliyolowa juu ya mfano huo mpaka kila pembe ikajichora. Watengenezaji wa Marekani hutumia bastola bandia za plastiki ya buluu kwa kazi hiyohiyo, na sikuona ambapo mninga umeshindwa.

Mshono ni wa sindano mbili kwa uzi uliopakwa nta, umebanana sawasawa, na chini ya klipu, ambapo uzito huvuta zaidi, ameupitisha mara mbili. Lakini kilichonifanya nimheshimu fundi huyu ni mdomo wa mfuko, ambao ameuongezea tabaka la pili la ngozi ngumu ili usijikunje bastola inapotolewa. Asiyezifahamu silaha hizi anaweza kudhani kwamba ni urembo. Bastola yangu ni Glock 19, silaha ya Austria ya milimita 9, ambayo haina kitasa cha usalama cha kusukumwa kwa kidole gumba. Usalama wake mkuu uko kwenye triga yenyewe, na chochote kitakachoivuta triga hiyo hadi mwisho, kiwe kidole, ncha ya shati au pindo la ngozi iliyolegea, kitafyatua risasi. Mfuko wa ngozi uliochakaa na kujikunja mdomoni unaweza kumjeruhi mvaaji paja wakati anairudisha bastola mahali pake. Huu unaifunika triga yote pande zote mbili, na nilipoukandamiza kwa nguvu kutoka nje, bastola ikiwa tupu, triga haikusogea.

Kabla ya huu nilikuwa na mifuko miwili. Wa kwanza ulikuwa wa kitambaa cha nailoni, na hauhitaji maneno mengi: ulijikunja, ulihama kutoka upande mmoja wa kiuno hadi mwingine, na ninamshauri kila mmoja auache dukani. Wa pili, ambao mpwa wangu aliniletea kutoka Marekani, ni wa Kydex, plastiki ngumu iliyobuniwa huko mwaka 1965 kwa ajili ya sehemu za ndani za ndege. Haunyonyi jasho, haulegei, na bastola inapozama ndani hutoa mlio mfupi unaothibitisha kwamba imekaa. Kwa ufundi mtupu unaushinda wa ngozi, na sitajidai kwamba sivyo. Tatizo langu lilikuwa karatasi iliyofungashwa nao, iliyoahidi kwamba nitauvaa tangu asubuhi hadi usiku na kusahau kwamba nimevaa kitu.

Ahadi hiyo inaeleweka kule ilikotoka. Mwezi Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua sharti la jimbo la New York, lenye mizizi katika sheria ya mwaka 1911, lililomtaka mwombaji aonyeshe sababu ya pekee ya kubeba bastola hadharani. Na katika utafiti wa maoni uliofanywa na taasisi ya Pew mwaka 2023, asilimia 72 ya wamiliki wa bunduki nchini humo walitaja kujilinda kuwa sababu kubwa ya kuzimiliki. Pale ambapo kubeba silaha kunahesabiwa kuwa haki ya kila siku, ni kawaida kwamba biashara itauza starehe ya kila siku. Kwetu mkondo ni mwingine. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 mwombaji hueleza haja yake, maombi yakianzia serikali ya mtaa na kupita kwenye kamati za ulinzi na usalama kabla ya kuamuliwa na polisi, na mwaka 2016 wamiliki nchi nzima waliitwa kuzipeleka silaha zao zihakikiwe upya. Mtu aliyekwisha kuulizwa mara zote hizo kwa nini anaitaka silaha hana sababu ya kununua kifaa kitakachomsaidia kuisahau.

Na mfuko wa fundi wetu hausahauliki. Bastola hiyo ikiwa na risasi zake 15 ina uzito unaokaribia gramu 850, na ngozi mpya inaushikilia uzito huo juu ya nyonga ya kulia kwa ukaidi ambao utauhisi kila unapoinama, unapokaa kwenye kiti cha daladala au unapopanda ngazi. Nilimlalamikia fundi kwamba kingo za juu zinanichoma mbavu, nikamwomba azipunguze. Alizilainisha kidogo tu, kisha akasema, "Mwanangu, kitu hiki lazima kikuudhi. Kisipokuudhi utaingia nacho kwenye harusi ya watu." Nilimjibu, "Sawa, mzee wangu," kwa heshima tu, lakini kadiri nilivyozidi kuuvaa ndivyo nilivyoona kwamba jibu lake lilikuwa na maana kuliko karatasi yote ya Kydex. Ukingo ule ndio ulionizuia mlangoni mwa benki yenye alama ya kukataza silaha, na ndio unaonirudisha nyumbani kuifungia bastola kabla sijakwenda msikitini, kwa sababu hakuna rukuu wala sijda ya raha ukiwa na chuma nyongani, wala sioni kwa nini iwepo.

Kuhusu kujificha, ambako ndiko wengi watakakotaka kukujua kwanza, mfuko unafanya vizuri kwa masharti. Ukiwa umesimama, na shati la kitenge au la kitani limeachwa nje ya suruali, hakuna anayeweza kutambua kitu. Ila hapa ni Tanga, mji wa baiskeli, na mtu anayeinamia usukani shati humpanda mgongoni na mpini wa bastola ukachomoza chini ya kitambaa, kwa hiyo mwendesha baiskeli asitegemee mfuko wa nyuma ya nyonga wa aina yoyote. Wakati wa kaskazi, jasho linapolibandika shati mwilini kabla ya saa nne asubuhi, hata kutembea kwa miguu kunahitaji fulana ya ndani na shati pana zaidi ya ulilozoea. Na penye baraza, ambapo watu hukaa wamebanana wakinywa kahawa na jirani yako anaweza kukupiga kiunoni kwa kicheko wakati wowote, siri hiyo haina maisha marefu.

Wapo wanaoona kwamba kujificha si lazima. Kila mmoja wetu amewahi kumwona bwana anayeingia mahali pa vinywaji na kuvuta kiti huku amelipandisha shati makusudi ili mpini uonekane, akitarajia kuhudumiwa haraka. Mtu huyo mfuko huu haumfai, kwa kuwa mpini unakaa chini, karibu kabisa na mkanda, na fundi alikataa katakata kuunyanyua kwa mteja mwingine aliyeomba hivyo. Kwa upande wa pili, mke wangu haoni kwamba kuificha kunaondoa chochote: kwake bastola isiyoonekana na inayoonekana ni moja, na swali lake kila mara ni kama imekwisha kufungiwa kabla wajukuu hawajanikimbilia. Mimi nina msimamo wa katikati, kwamba silaha inayojulikana huvuta wagomvi na wezi vilevile, na kwamba jirani hatakiwi kuishi na hofu ya kitu ambacho kwa kawaida hakimhusu.

Hofu ya wezi si maneno matupu katika mji huu. Mwezi Februari 2015, polisi na wanajeshi walipambana na watu wenye silaha katika Mapango ya Amboni, nje kidogo ya mji, wiki chache baada ya askari kuporwa bunduki hapa Tanga. Kama bunduki ya askari aliyefunzwa inaweza kuondoka mkononi mwake, mfanyabiashara wa machungwa hana la kujivunia. Ndiyo maana nilimwagiza fundi aongeze kishikizo cha ngozi chenye kifungo cha kubonyeza, kinachopita nyuma ya bastola na kuizuia isichomolewe na mkono usiojua kilipo. Rafiki yangu mmoja, ambaye kazi yake ni ulinzi, alikicheka kishikizo hicho na kusema kwamba nitakufa nikikitafuta, kama alivyoshangaa pia kwamba sitembei na bastola iliyokokiwa, ilhali walimu wengi wa Marekani hufundisha kwamba risasi ikae tayari ndani ya chemba. Yeye anafikiria sekunde moja ya mapambano. Mimi ninafikiria msongamano wa stendi ya Kange na mikono inayopapasa mifuko ya watu. Kwa kazi hiyo kishikizo kinastahili shilingi 5,000 za ziada, na kimeshonwa vizuri kama sehemu nyingine.

Kasoro zipo. Klipu ni ya chuma cha kawaida, na hewa ya chumvi ya Raskazone, ninakoishi, ilianza kuitia kutu mapema mno. Fundi aliibadilisha bure alipopata isiyoshika kutu, lakini ilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo. Rangi ya kahawia iliachia kidogo kwenye shati jeupe nilipotokwa na jasho jingi, na mpaka itulie ninashauri uvaliwe na nguo za rangi nzito. Ngozi mpya hulia unapokaa, sauti ndogo lakini inayosikika penye ukimya. Aidha, kama ngozi yoyote, inanyonya jasho na kulitunza, hivyo bastola haitakiwi kulala ndani yake. Kila jioni naitoa, naipangusa, naipaka mafuta mepesi, na mfuko nauacha mahali penye upepo na kivuli. Anayetaka kifaa kisichohitaji kutunzwa anunue plastiki.

Ningempa mfuko huu mtu mwenye leseni anayebeba bastola mara mojamoja kwa sababu anayoweza kuieleza, na nisingempa anayetaka kuivaa kila siku kama saa ya mkononi, kwa sababu atachukizwa nao ndani ya wiki. Oda huchukua takriban wiki mbili, na zaidi wakati wa masika, kwa kuwa ngozi iliyolowekwa hukauka polepole na fundi haiharakishi kwa moto. Malipo ni nusu mwanzoni na nusu siku ya kujaribisha, ambapo utatakiwa kufika na bastola tupu pamoja na leseni yako, si kivuli chake. Wanaotumia mkono wa kushoto wataongezewa siku chache, mpaka achonge mfano mwingine wa mninga.