Maji magumu nyumbani: kipi ununue kwanza, kipi usiguse

Kama unakaa Makunduchi, Jambiani, Paje huku Unguja au popote pale ukipiga jembe linagonga jiwe, huhitaji kuambiwa maji magumu ni nini. Birika la umeme lina ukoko mweupe, shawa inatoa maji kwa vitundu vichache tu vingine vimeziba, sabuni ya mche unasugua mpaka mkono unauma na povu halina, buibui likikauka lina mabaka meupe, halafu maharage yapo jikoni tangu adhuhuri mkaa unaisha yenyewe bado magumu. Mvua ikipita kwenye maweni inayeyusha chokaa kidogo kidogo, mpaka ifike pangoni au kisimani imeshabeba kalsiamu na magnesiamu. Kiafya ugumu wenyewe hauna neno, hata Shirika la Afya Duniani halijauwekea kikomo cha kiafya, tabu yake ipo mfukoni.

Sasa kabla hujatoa pesa, jua una chokaa au una chumvi, mana watu wanachanganya sana hivi vitu viwili na wenye maduka wanakuacha hivyo hivyo uchanganye. Karibu na pwani unaweza kuwa na vyote, visima vikivutwa sana maji ya bahari yanaingia chini kwa chini. Chukua chupa mbili, moja maji ya mvua moja ya mfereji, kwangulia sabuni ya mche sawasawa, tikisa. Ile ya mfereji ikitoa utando mchafu badala ya povu, hayo magumu. Kisha chemsha mengine, yakipoa onja: ukoko uliobaki chini ya sufuria ndio chokaa, na kama bado yana chumvi mdomoni basi hiyo chumvi haitoki kwa moto. Ukipata mtu wa kukupimia maabara muulize ugumu ni miligramu ngapi kwa lita, ikizidi 180 hayo yanahesabiwa magumu sana.

Namba moja kwangu, na sibishani na mtu, ni tangi la mvua. Maji ya mvua hayana chokaa wala chumvi, basi kufulia, kupikia maharage na kuchemshia chai unamaliza habari. Hesabu yake nyepesi: bati la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 20 ni lita 1,000, toa zinazopotea utabaki na kama 800, yaani mvua moja nzuri tu ya masika. Lakini pesa anza nayo kwenye gata, ule mkondo wa ukingoni mwa bati unaokusanya maji, nimeona majumba yana tangi kubwa la kujivunia na gata lenyewe limening'inia upande mmoja, maji yote yanakwenda kwa jirani. Tangi liwe jeusi au rangi nzito lisiote ukijani, mfuniko ubane, mdomoni weka wavu wa mbu, na uwe na namna ya kumwaga maji ya mwanzo yanayoosha vumbi na vinyesi vya kunguru. Ya kunywa yachemshe bado. Nyumba ya makuti hapo samahani, maji yake yanatoka na rangi.

Namba mbili ni ya bei rahisi mpaka watu wanaidharau: ndimu, siki, au asidi ya sitriki ya unga. Hailainishi maji, inatoa ukoko. Weka kwenye birika na maji, chemsha, wacha nusu saa, mwaga, suuza. Shawa ifungue uiloweke usiku. Usiguse sakafu ya marumaru au terazo inaliwa, sufuria la alminiamu usililoweke muda mrefu, na yakhe usije ukachanganya siki na jiki, inatoa gesi ya sumu. Hapa hapa weka na sabuni ya unga, inahimili maji magumu kuliko ya mche, kanzu ya Ijumaa itakushukuru.

Tatu, mashine ya RO ya chini ya sinki, inayosukuma maji kwa nguvu yapite kwenye utando wenye vitundu vidogo mno. Hii ndiyo ya wenye chumvi kweli kweli, inatoa chumvi na chokaa vyote, kwa hiyo kama hali yako ni hiyo na mvua huna pa kuihifadhi, ipandishe juu ya zote. Tabu yake inamwaga maji, lita moja safi inaweza kutupa mbili tatu au zaidi, na tangi lako kama lipo juu kidogo tu ya paa presha haitoshi, nunua yenye pampu. Uliza bei ya filta za kubadilisha kabla ya bei ya mashine.

Nne, mashine ya kulainisha, ile mitungi yenye reseni, yaani vipunje vinavyokamata chokaa, inayooshwa kwa chumvi. Kwa gesti yenye mahita mengi inalipa, kwa nyumba ya kawaida naona kubwa mno. Na sikiliza hapa: inatoa kalsiamu inaweka sodiamu, haipunguzi ladha ya chumvi hata kidogo, kwa hiyo mtu wa pwani anayeambiwa hii itatoa chumvi anauziwa maneno. Mwenye presha ya damu aachiwe mfereji mmoja usiopita humo.

Majagi ya filta yanasaidia chai isiwe na utando juu, basi, katriji zinakwisha haraka kwa maji yetu. Chujio za mshumaa wa udongo na taa za UV ni kwa vijidudu, nzuri kwa kazi yake, ila chokaa inapita kama haijaona kitu.

Na zile sumaku za kufunga kwenye bomba, ati zinavunja chokaa bila umeme bila chumvi? Hakuna ushahidi wa kuaminika, pesa hiyo nunulia gata kabla masika haijaingia Machi, mana mvua zikianza mafundi hawashikiki.