MkDocs kwa sisi tunaoandika miongozo ya mifumo: madevelopa wametulia, kazi imebaki kwa bosi

Wakuu, hii rivyuu ya MkDocs naiandika kwa wenzangu wa kazi ya kuandika miongozo ya mifumo na maelezo ya API (njia ya programu moja kuongea na nyingine), kazi ambayo ndugu zako wakiambiwa wanaitikia tu "ahaa, IT" afu wanakuletea simu isiyoshika chaji. Niseme mapema kabisa, hii kitu imenipunguzia ugomvi na madevelopa kwa kiasi kikubwa mno, ila ugomvi wenyewe haujaisha, umehamia kwa bosi. Hata usiposoma mbele huko, la muhimu ushalipata.

Kwanza ni nini. MkDocs ni programu ya bure inayoendeshwa na Python, ilianzishwa na Tom Christie mwaka 2014, yule yule wa Django REST framework, zana ya kutengenezea API. We unaandika mafaili yako ya Markdown, maandishi ya kawaida tu yenye alama ya reli kwa vichwa vya habari na nyota kwa maandishi ya kukoleza, unapanga kurasa zako kwenye faili moja linaitwa mkdocs.yml, unapiga amri, inakutolea tovuti nzima yenye menyu na sehemu ya kutafutia. Hakuna databesi, hakuna paswedi ya admin, kinachotoka ni mafaili ya HTML tu unayoweza kuyabwaga kwenye seva yoyote hata ile ya kizee iliyo chini ya meza ya mhasibu. Wengi wanaiwekea temu (mwonekano wa tovuti) ya Material ya Martin Donath, na kama umewahi kusoma maelezo ya FastAPI, zana nyingine ya API, basi ushaiona, ndo hiyo hiyo.

Sasa kwa nini mtu ahangaike na yote haya wakati Word ipo. Anayefanya hii kazi anajua kinachotutesa: mfumo unabadilika na hakuna anayekwambia. Developa kahamisha kitufe cha kuidhinisha malipo kutoka juu kulia kakificha kwenye menyu, kaenda zake kunywa chai, mwongozo wako bado unasema "bonyeza kitufe cha kijani kulia", mteja anapiga simu anawaka na anayeitwa kwenye kikao kujieleza ni wewe. Ukimfuata umuulize anakwambia kasome kodi (code yenyewe ya programu). Ukimtumia faili la Word apitie linakaa kwenye imeili mpaka mwezi unakatika, maana developa kufungua Word anaona kama umemtuma gengeni kununua vitunguu.

Hapo ndo MkDocs inapolipa. Kwa kuwa kila kitu ni maandishi matupu, mwongozo unakaa kwenye Git, mfumo wa kutunza kila toleo la mafaili, kwenye repo (ghala) ile ile ya kodi. Akibadilisha kitufe, mabadiliko ya mwongozo yanaingia kwenye PR ile ile (pull request, ombi la kuingiza mabadiliko), na timu inaweza kukubaliana kabisa kwamba PR haipiti kama ukurasa unaohusika haujaguswa. Maandishi yako anayapitia kule kule anakopitia kodi, mstari kwa mstari, ulichofuta chekundu ulichoongeza kijani. Watu ambao imeili hawajibu, huku wanajibu, tena wanakuletea na ubishi wa koma. Mapenzi hayajaongezeka hapo, ni vile PR ikikaa wazi inaonekana kwenye kikao cha asubuhi na jina lake liko juu yake. Mi hiyo peke yake ningeilipia hela.

Kuanza sio kazi kubwa. Kwenye Windows hakikisha wakati wa kuinstoli Python umetiki kile kiboksi cha PATH, wengi wanakiruka afu wanasema MkDocs mbovu. Ukishapiga pip install mkdocs-material unapata vyote viwili kwa mpigo, na baada ya hapo bando halihitajiki. Unapiga mkdocs serve, unafungua brauza kwenye 127.0.0.1:8000, kila ukisevu ukurasa unajirifreshi wenyewe. Umeme ukikatika na ruta ikazima, laptopu ina chaji, unaendelea na kazi. Ila Material ina tabia ya kuvuta fonti ya Roboto kutoka Google, kwa hiyo kama mwongozo utakaa kwenye mtandao wa ndani usio na intaneti, zima hiyo kwenye mkdocs.yml kwa kuandika font: false, fonti za kompyuta yenyewe zinatosha.

Sasa kero, na hii ya kwanza nitaikalia kidogo maana ndo inayokimbiza watu. Kazi yetu asilimia kubwa ni hatua: 1 fungua, 2 chagua, 3 jaza, na kila hatua ina skrinshoti chini yake. Markdown ya MkDocs inasomwa na kitu kinaitwa Python-Markdown, na huyu bwana anataka chochote kilicho ndani ya hatua kisogezwe kulia kwa nafasi nne. Nne kamili. GitHub, tovuti ambako timu nyingi zinatunza hizo repo, ukiweka tatu inakuelewa, kwa hiyo pale kwenye PR kila mtu anaona mambo safi kabisa, afu ukienda kwenye tovuti picha imetoka nje ya orodha na hatua ya 2 imerudi kuwa 1, ya 3 nayo ni 1, mwongozo mzima ni moja moja moja kama mtu anahesabu waliochelewa shule. Developa hawezi kukusaidia maana kwake inaonekana sawa. Dawa yake ni kuipanga edita yako kwenye nafasi nne tangu siku ya kwanza, na kukagua kwenye mkdocs serve kila mara, yale maonyesho ya GitHub usiyaamini. Na kwenye lile faili la yml ukigusa kitufe cha Tab badala ya nafasi linagoma kabisa, tena kosa lenyewe linaandikwa kwa lugha ya kumtisha mwandishi mgeni.

Jedwali nalo ni la kimaskini, seli haziunganishwi, ukitaka jedwali la ada lenye safu zilizobebana itabidi uandike HTML kwa mkono. Tusidanganyane, hapo Word iko mbali.

Skrinshoti je? Hakuna msaada. Picha zinazeeka vile vile, na zikijaa kwenye Git repo inanenepa mpaka kuidauniloadi ni mtihani. Mi siku hizi napunguza picha, naandika jina la kitufe kama lilivyo kwenye skrini na picha naweka pale tu mtu anapoweza kupotea.

Kilichonifurahisha kuliko nilivyotegemea ni kiongezo kidogo cha Markdown cha vipande, snippets. Unaandika onyo la kutompa mtu PIN yako kwenye faili moja, halafu kwenye kila ukurasa unaliita kwa alama inayofanana na mkasi, --8<--. Namba ya huduma kwa wateja ikibadilika unabadilisha sehemu moja, kurasa zote zimepona. Na ukijenga tovuti kwa mkdocs build --strict inagoma ikikuta linki ya ndani iliyokufa, kwa hiyo mteja hakutani na ukurasa hewa kabla yako wewe.

Kwa wanaoandika Kiswahili sikilizeni hapa. Injini ya kutafutia ni lunr, inafanya kazi ndani ya brauza, na kwenye lugha inazozijua huwa inakata maneno kurudi kwenye shina. Kiswahili haimo. Na sisi lugha yetu mambo mengi yanabandikwa mbele ya neno, kwa hiyo mteja akitafuta "kulipa" na ukurasa wako umejaa "unalipa", "atalipa", "ukishalipa", anaambiwa hakuna kitu. Anadhani hujaandika! Naweka vichwa vya habari kwa namna ambayo mtu angeuliza, "Jinsi ya kulipa bili", na mwisho wa ukurasa mstari mmoja wa maneno mengine ambayo watu wanayatumia kwa jambo hilo hilo. Sio pazuri kutazama ila inafanya kazi. Kuna na plagini (kijiprogramu cha kuiongezea MkDocs uwezo) ya lugha mbili, mkdocs-static-i18n, faili la Kiswahili unaliishia na .sw.md, safi sana, isipokuwa ukurasa ambao hujautafsiri inaleta wa lugha kuu kimya kimya, kwa hiyo mama wa watu anasoma Kiswahili vizuri ghafla katikati anaangukia Kiingereza. Usipotaka hivyo kazime hicho kipengele.

Haya, tuje kwa bosi. Bosi, mwanasheria, mtu wa masoko na mteja mwenyewe hawana akaunti ya GitHub na hawatakuwa nayo. Wao wanataka Word, wapige mistari, waweke komenti pembeni, "hapa tusiseme hitilafu tuseme changamoto". Na mwisho wa mradi mteja wa serikalini anataka kitabu: PDF yenye jalada, nembo, namba za kurasa na sehemu ya sahihi, kisha kiprintiwe na kupigwa muhuri. MkDocs yenyewe haitoi PDF. Kuna plagini za watu kama mkdocs-with-pdf, inategemea WeasyPrint, programu ya kugeuza HTML kuwa PDF, na kuiinstoli hiyo kwenye Windows andaa jioni nzima. Njia nyingine ni kupitisha mafaili kwenye Pandoc, programu ya kugeuza aina za mafaili, upate Word, ila yale maboksi ya maonyo unayoandika kwa alama tatu za mshangao Pandoc haiyajui, yanatoka kama maandishi ya kawaida yenye mshangao mbele, mteja anauliza mbona unampigia kelele. Bosi akishaweka komenti zake kwenye ile Word, kuzirudisha kwenye Markdown ni kwa mkono, moja moja, na ukichelewa tayari kuna matoleo mawili ya ukweli, ugonjwa ule ule tulioukimbia. Kwa hiyo kama asilimia kubwa ya kazi yako ni vitabu vya kuprinti, baki na Word au nenda Sphinx, hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya maelezo ya Python yenyewe, ipo tangu 2008, inatoa PDF kwa njia ya LaTeX (mfumo wa kupanga kurasa za vitabu), ugumu wake ni wa aina nyingine lakini kitabu utakipata.

Mahali pasipo na intaneti kuna ujanja. Badala ya PDF unaweza kumpa mteja tovuti nzima kwenye flashi. Washa plagini ya offline ya Material, nayo inazima yenyewe use_directory_urls (mpangilio unaofanya kila ukurasa uwe folda), bila hivyo linki zinafungua folda badala ya kurasa na kutafuta hakufanyi kazi. Mhudumu wa kituo anabofya index.html mwongozo unafunguka, anatafuta, haombi bando kwa mtu.

Bei ni bure, kwa hiyo gharama yote ni muda wako na uvumilivu wa kujifunza Git, na hiyo Git usiichukulie poa kama hujawahi kuigusa, siku mkihariri ukurasa mmoja watu wawili utakutana na mgongano na utatamani kurudi kwenye karatasi. Nyota naipa 4 kati ya 5 kwa mtu anayekaa timu moja na madevelopa, na 2 kwa anayeandika peke yake kwa wateja wa kuprinti.

Kitu cha mwisho kwa anayeanza mradi mpya sasa hivi: mwaka 2025 timu ya Material walitangaza programu yao mpya inaitwa Zensical na Material wakaiweka kwenye hali ya kurekebishwa tu, vipya haviongezwi. Zensical wameitengeneza iweze kusoma mkdocs.yml ya zamani, kwa hiyo Markdown yako haipotei. Kama mwongozo wako tayari uko hewani usihame kwa presha, funga vasheni unazotumia kwenye requirements.txt, faili la orodha ya programu za Python za mradi, uendelee na kazi. Kama unaanza sifuri, zijaribu zote mbili kabla hujamuahidi bosi chochote, na hizo plagini za PDF na lugha mbili ndo uziangalie kwanza.