Kabla ya Kununua Vijiti vya Kupimia Sumukuvu, Soma Namba Iliyo Ubavuni mwa Boksi

Msimu uliopita nilinunua boksi la vijiti vya kupimia sumukuvu (sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka) kwa muuzaji mmoja wa vifaa vya maabara jijini Dar es Salaam, nikapima mahindi niliyoyakusanya Kibaigwa kwa ajili ya unga lishe, na kila kijiti kikatoa mistari miwili, yaani mzigo uko salama. Mnunuzi wangu alipeleka sampuli ya mzigo huohuo maabara, akarudi na jibu la 14, akaukataa wote. Nilidhani nimeuziwa vijiti feki, kumbe vilifanya kazi yake sawasawa. Ubavuni mwa boksi, kwa herufi ndogo kuliko hata anwani ya kiwanda, paliandikwa 20 ppb, yaani sehemu 20 katika bilioni, ambacho ni kiwango cha Marekani. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni 10 kwa jumla ya sumukuvu na 5 kwa aina ya B1 peke yake, kwa hiyo mzigo wenye 14 unapita mbele ya kijiti kile bila kushtukiwa.

Hiyo ndiyo kasoro ambayo wauzaji hawaitaji na wanunuzi hawaiulizi. Kijiti kinachosomwa kwa macho hakikupi kiasi. Kinakuambia tu kama umevuka mstari ambao mtengenezaji aliuchora, na alikuwa akiwafikiria wateja wa nchi nyingine. Tena usomaji wake ni kinyume cha kipimo cha mimba: sumukuvu ikiwa nyingi, mstari wa kipimo hupotea na unabaki ule wa uthibitisho peke yake, wakati mstari uliofifia bado unahesabiwa kuwa mstari. Nimemwona kijana ghalani akishangilia mstari mmoja. Mwaka 2016, huko Chemba, Kondoa na Kiteto, watu 68 waliugua kutokana na sumukuvu na 20 kati yao wakafariki, kwa hiyo namba hiyo ya ubavuni siichukulii kuwa jambo la makaratasi.

Kasi sitaizungumzia, kwa sababu vijiti vyote hutoa jibu ndani ya dakika chache na sijawahi kusikia mtu aliyepoteza mzigo kwa kusubiri dakika tatu zaidi.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi upendeleo, ni AgraStrip ya Romer Labs ya kusomwa kwa macho, kwa kuwa hutengenezwa kwa viwango vya 4, 10 na 20, nawe unaagiza unachokitaka. Agiza 10, na usikubali kuambiwa kwamba zote ni sawa. Ile ya 4 waachie wanaouza Ulaya. Udhaifu wake ni kwamba sampuli iliyosagwa huloweshwa kwa methanoli iliyochanganywa na maji, nayo methanoli ni sumu, hununuliwa kando, na haifai kuwekwa jikoni.

Ya pili ni Reveal Q+ ya Neogen, ambayo husomwa kwa mashine na kukupa namba kamili, kwa hiyo tatizo langu la 20 na 10 linaisha lenyewe. Bei ya mashine ndiyo inayoishusha nafasi, ingawa chama cha ushirika kinachopokea malori kadhaa kwa siku kingefanya vyema kuiweka ya kwanza. Hata hivyo, angalia usije ukaletewa Reveal ya kawaida, isiyo na Q, ambayo ni ya kusomwa kwa macho kwa kiwango cha 20; majina yanafanana na muuzaji hatakusahihisha.

ROSA ya Charm ni nzuri kwa kiwanda chenye umeme wa uhakika, kwa sababu inahitaji kifaa cha kupashia joto na mashine ya kusomea. Vijiti vya bei rahisi visivyo na kiwango kilichoandikwa havistahili sentensi ya pili.

Kijiti chochote utakachochukua, piga bambo (kile chuma cha kuchomolea nafaka guniani) magunia mengi, changanya, saga sampuli yote, ndipo upime, maana punje chache tu zinaweza kubeba sumu ya gunia zima.

Kinachonikera zaidi ni namna vinavyouzwa. Picha ya tangazo huonyesha mbele ya boksi tu, bei ni "njoo inboksi", na wengine hulifungua boksi na kukuuzia kijiti kimojakimoja ndani ya mfuko wa nailoni, bila karatasi ya maelekezo, bila tarehe ya mwisho wa matumizi na, bila shaka, bila ile namba. Niliporudi kwa muuzaji wangu na jibu la maabara mkononi nikitaka anibadilishie boksi lililobaki, alilitazama, akanirudishia, akaniuliza, "Lakini dada yangu, mistari si ilitokea?"