Huduma ya CMA Arusha: maoni ya mtu aliyepunguzwa kazi wakati wa korona

Kama umeachishwa kazi na siku 30 hazijaisha, soma hapa kabla hujamlipa mtu yeyote. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA, haitozi ada ya kufungua mgogoro. Mimi nilikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya kitalii hapa Arusha, na nilikwenda huko bila wakili. Naipa huduma hii alama za juu. Lawama yangu naielekeza kwenye muda uliowekwa na sheria, nayo nitaifikia.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020, hapa hapa Arusha. Kesho yake ikatangazwa kwamba shule zinafungwa. Wageni walikuwa wanafuta safari kila siku, na Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Hatukutegemea hoteli ilipe mishahara kana kwamba vyumba vimejaa. Lakini tulipoitwa kikao kuambiwa nani anakwenda likizo bila malipo, waliotajwa mwanzo walikuwa akina mama wenye watoto wadogo. Meneja alisema mbele ya wote kwamba shule zimefungwa, watoto wetu wanazurura mitaani, na sisi tutawaletea wenzetu ugonjwa. Akina baba wenye watoto wa umri huohuo waliendelea na zamu zao. Baadaye ile likizo ikageuka kuachishwa kazi, kwa ujumbe wa WhatsApp.

Pale CMA nilijaza fomu inayoitwa CMA F1. Ina sehemu ya kueleza mgogoro ni wa aina gani na unadai nini. Afisa aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: mlichaguliwaje? Nilipomsimulia kile kikao, akanionyesha kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwa jinsia, ujauzito, ulemavu, umri, UKIMWI, na mengine mengi, na humo ndani yamo pia majukumu ya familia. Nililisoma neno hilo mara mbili. Miaka yote nilidhani ubaguzi kazini ni wa kabila au dini tu. Kumbe kuwa na watoto wa kulea ni jambo ambalo sheria imelitaja na kulilinda. Tena ukishaonyesha ushahidi wa mwanzo kwamba umebaguliwa, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakufanya hivyo.

Nakala ya fomu unampelekea mwajiri kwanza, na unarudi na uthibitisho kwamba ameipokea. Hili liliwasumbua wenzangu wengi kwa sababu hoteli nyingi zilikuwa zimefunga ofisi. Ushauri wangu: nakala yako isainiwe na kugongwa muhuri, usikubali kuambiwa “iache tu getini, mama.”

Usuluhishi wenyewe ulifanyika kwa Kiswahili tupu, mezani, pande mbili na msuluhishi. Aliniacha nimalize kusema. Kisha akamgeukia mwakilishi wa hoteli na kumuuliza kuhusu kifungu cha 38 cha sheria hiyohiyo: notisi ya kusudio la kupunguza wafanyakazi iko wapi, mlikaa na wafanyakazi lini, vigezo vya kuchagua nani aondoke viliandikwa wapi? Korona ilikuwa sababu ya kweli, na hakuna aliyebisha. Lakini sheria inataka sababu na utaratibu vyote viwili, na wao utaratibu hawakuwa nao.

Tulimalizana pale pale kwa maandishi: mshahara wa notisi, siku za likizo zilizobaki, kiinua mgongo, na kiasi cha juu yake. Kiinua mgongo kwa sheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usizidi miaka 10; aliyefanya miaka mitano apate wa siku 35. Ningeendelea mpaka kwa mwamuzi, hatua inayofuata pale usuluhishi unaposhindikana, ningeweza kudai fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12, kama sheria ilivyosema wakati ule. Sikuendelea, kodi ya nyumba ilikuwa inadaiwa. Ndiyo maana nasema usiende kwenye usuluhishi hujajua unastahili nini, maana mwenye shida hukubali haraka.

Sasa lile linaloniuma. Siku 30 za kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi ni chache mno wakati wa mlipuko wa ugonjwa. Dada mmoja wa dobi alipata homa, akazuiwa kurudi kazini, nafasi yake ikapewa mtu mwingine. Sheria inampa mgonjwa hadi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 nyingine kwa nusu, mradi awe na cheti cha daktari. Haki yake ilikuwa wazi kuliko yangu. Lakini alijifungia ndani akiogopa majirani, na alipopata nguvu ya kutoka muda ulikuwa umepita. Ipo fomu ya kuomba kuongezewa muda, CMA F2, ila lazima ueleze sababu za kuchelewa, na yeye hakutaka tena kuisimulia homa ile mbele ya watu. Ningekuwa na sauti bungeni ningeanzia hapo.

Ukienda, beba mkataba, hati za mishahara, na zile jumbe za simu uzichapishe. Na dai cheti cha utumishi, mwajiri analazimika kukupa. Utalii ulipoanza kurudi, mahali pa kwanza nilipoomba kazi waliniomba hicho kabla ya kitu kingine.