Uzoefu wangu na Ansible kwenye seva za Nginx

Seva zangu ni za Ubuntu na Debian, zote zinaendesha Nginx (programu ya kuhudumia tovuti), na kwa kuzisanidi Ansible, chombo cha kupanga seva kwa mbali, naipa alama za juu. Kwenye seva haiachi programu ya kudumu: inataka SSH (njia ya kuingia seva kwa mbali) na Python tu. Puppet, chombo kingine cha kazi hiyohiyo, hukaa na ajenti (programu ya kudumu) kwenye kila mashine, ila ajenti hiyo hukagua kila dakika 30 na kurudisha mipangilio iliyochezewa. Ansible haina habari mpaka uiendeshe.

Faili langu la kazi za Ansible (playbook) huanza na moduli ya `apt`, ya kusakinisha vifurushi, nikiweka `update_cache: true` pamoja na `cache_valid_time: 3600` ili orodha ya vifurushi isipakuliwe kila mara. Kisha `template` inaandika faili la tovuti kwenye sites-available, `file` inaweka kiungo sites-enabled, folda ambayo Nginx huisoma, halafu ufw, yaani firewall. Ruhusu poti 22 (ya SSH) kabla ya kuwasha ufw. Ukigeuza mpangilio huo na muunganisho ukakatika katikati, umejifungia nje.

Ruhusa za faili ziandikwe `'0644'`, na alama za nukuu. Ukiandika 644 tupu, YAML, lugha ya faili hilo, inaisoma kama namba ya kawaida na faili linatoka na ruhusa 1204: mwenyewe anaweza kuandika, kusoma hawezi. Kazi inapita bila kosa lolote.

Penye mtego hasa ni handla, kazi inayosubiri kuitwa, kama ile ya kupakia upya Nginx. Templeti ikibadilika huiita handla kwa `notify`, lakini Nginx husoma mipangilio mipya mwishoni, kazi zote zikishapita. Kazi nyingine ikikwama katikati, handla haifikiwi. Unarekebisha, unaendesha tena. Safari hii faili la tovuti tayari liko sawa, hivyo `notify` haiitwi. Ripoti ni kijani tupu, Nginx bado inatumia mipangilio ya zamani. Weka `meta: flush_handlers` baada ya templeti, au endesha kwa `--force-handlers`.

Kabla ya hiyo flush, weka kazi ya `command: nginx -t`, inayokagua mipangilio, yenye `changed_when: false` ili isihesabiwe kama mabadiliko. Wengi hupenda kutumia `validate: nginx -t -c %s` ndani ya templeti, lakini hiyo inafaa kwa nginx.conf nzima tu. Kipande cha `server` kikiwa peke yake kinakataliwa kwa kuwa hakimo ndani ya `http`. Na handla iwe `reloaded`, si `restarted`: mipangilio ikiwa mibovu, `reloaded` inaacha Nginx ya zamani ikihudumia wateja, ilhali `restarted` inaizima kabisa.

Kasi ndiyo siisifii. Ukiwa Dar na seva iko Frankfurt, kila kazi ni safari kadhaa za SSH. `pipelining = True` kwenye ansible.cfg inapunguza sana. Seva zikiwa nyingi, ongeza `forks` (idadi ya seva zinazoshughulikiwa kwa pamoja), maana bila kuigusa ni 5.

Vyeti vya HTTPS vya Let's Encrypt navyo vina utaratibu wake. Templeti inayotaja `ssl_certificate` kabla cheti hakijatolewa inaangusha `nginx -t`, kwa hiyo anza na faili la poti 80 peke yake, chukua cheti, ndipo uweke la 443. Ukiwa bado unajaribu, tumia `--test-cert` ya certbot, chombo cha kuchukua vyeti hivyo. Vyeti halisi vya majina yaleyale ni 5 tu kwa siku saba.